Timazi ya Mwalimu wa Karate

Miezi saba baada ya kumpa kaka yangu figo, nilirudi karate. Tulifanyia mazoezi katika darasa moja la shule ya msingi hapa Garsen, madawati yakiwa yamesukumwa ukutani. Daktari alikuwa ameniruhusu mazoezi, si mapigano. Figo iliyobaki haikuwa na mwenzake.

Siku ya kwanza nilisimama mstari wa nyuma. Nilitaka tu kuona mwili unakumbuka nini. Mikono ilikumbuka yote. Miguu nayo ilikumbuka, ila kila nilipogeuka niliyumba kushoto, kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja.

Mwalimu wetu, Msomali mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alinizunguka mara mbili.

"Dada, umepinda."

"Wapi?"

"Hata mimi sijui. Ngoja kesho."

Kesho yake alikuja na timazi kutoka dukani, ule uzi wenye kipande cha chuma ambao mafundi hupimia ukuta. Akaufunga kwenye boriti, akanisimamisha nikiupa mgongo. Mwenzangu wa mazoezi, mama wa Kiorma anayeuza maziwa sokoni, alipotazama alicheka.

"Uzi uko huku, kichwa kiko kule!"

Mwalimu akapima kutoka kwenye uzi hadi kichwani: vidole vitatu. Waliponinyoosha, nilihisi naangukia kulia.

"Hapo ndipo sawa," mwalimu akasema.

Sikuamini. Kumbe miezi yote hiyo nilikuwa nikilikinga lile kovu la upasuaji ubavuni kushoto, jikoni, njiani, hata kanisani, bila kujua.

Nilimpigia kaka simu Kinakomba, ambako alikuwa amesharudi shambani kwake. "Wewe je, umepinda?"

Nikamsikia akimuuliza mkewe. "Nimemuuliza wifi yako. Anasema nimepinda kulia, walikoiweka figo yako." Tulicheka hadi kovu likaniuma.

Vidole vitatu vikawa viwili, vikakaa hapo muda mrefu. Mama wa maziwa bado aliogopa kunigusa. Siku moja nikaushika mkono wake, nikaigandamiza ngumi yake juu ya kovu.

"Unasikia?" akaniuliza.

"Nasikia kwa mbali, kama mtu anayegonga mlango wa jirani."

Akaikunjua ngumi, akaacha kiganja pale. "Sasa ndani kuna nini?"

"Daktari alisema utumbo umesogea kujaza nafasi."

"Haa! Kama wapangaji."

Sijarudi kupigana, wala sitarudi. Siku hizi nawafundisha wanaoanza namna ya kusimama, na nimeshikwa na tabia ya kuwachunguza watu mabega. Juzi alikuja mgeni, dereva wa lori, bega lake la kulia likiwa chini kuliko la kushoto.

"Kaka, uliwahi kuumia wapi?" nikamuuliza.

Akanitazama kwa mshangao, kisha akaanza kufungua vifungo vya shati.