Muhuri Kwenye Kidole cha Papa Bahati

Siku ya kwanza nilipoingia kazini, kliniki ndogo ya kanisa hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, Chef, mkubwa wetu wa mafaili, alinipa kalamu mbili akasema, "Papa Amani, hapa kidonda bila namba si kidonda." Kidole chenye kidonda wazi kina namba yake, S61. Kucha ikiwa nzima unaongeza sifuri, ikiumia unaongeza moja. Kisha unaandika kwa maneno ni mkono gani, kidole gani, kimeumizwa na nini. Bafundi cherehani, na sindano zao, njo walitujazia mafaili.

Nilijiona bingwa mpaka alipokuja Mama Neema, muuguzi kutoka Uvira. Mwandiko wake ulikuwa safi, bagonjwa walimpenda, na Chef akaanza kusema, "Muulizeni Mama Neema." Mi niliyemtangulia! Wivu uliniingia, sifichi.

Ikatokea nafasi kwenye ofisi ya mafaili kule Lilongwe, Area 23. Chef angepeleka mmoja wetu.

Wiki hiyo sindano ilivunjikia ndani ya kidole cha Papa Bahati, fundi cherehani. Mama Neema aliandika namba sawasawa, kisha akaongeza: kidole cha tatu, mkono wa kushoto. Kwetu Congo tulifundishwa kuhesabu kuanzia gumba, basi cha tatu ni cha katikati. Karatasi zetu za huku zilianza na kidole cha kuonyeshea, na cha tatu kikawa cha pete. Mi nililijua kosa hilo, nililifanya mwaka wangu wa kwanza, na Chef alinirekebisha pembeni bila kuniaibisha. Faili lilifika kwangu kukaguliwa. Nikaligonga muhuri.

Papa Bahati alipanda minibasi, akapita Lumbadzi mpaka hospitali kubwa ya Lilongwe. Walisoma kidole cha pete, wakaona kilichovimba ni cha katikati, wakasema ameazima karatasi ya mtu. Wakamrudisha. Alipokwenda tena, usaha ulikuwa umefika mfupani, na kidole kikakatwa kwenye kiungo.

Chef aliuliza nani ameandika. Mama Neema alisimama. "Ni mi, Chef. Kosa ni langu." Nafasi ya Lilongwe ikawa yangu.

Huko nilifundisha bakarani kuandika jina la kidole badala ya hesabu, na nilisifiwa sana kwa hilo.

Nilipostaafu nilirudi Dzaleka, nikaenda kwa Papa Bahati kushonewa suti. Nilimkuta Mama Neema anamtungia uzi kwenye sindano, maana mkono ule hauwezi tena. Anakuja kila Jumamosi, tangu mwaka ule. Walikuwa wanacheka, na wivu ukanirudia upya, mzee mzima, mwenye cheti cha kuagwa mfukoni.

Mama Neema akanisindikiza mpaka barabarani.

"Papa Amani, muhuri wako niliuona kwenye faili siku ileile Chef alipouliza," akasema taratibu. "Nilingoja we mwenyewe useme."

Nilisema zikomo, asante ya huku, nikaondoka. Njo maana naandika, batoto bangu, na karatasi hii Papa Bahati atasomewa wa kwanza: muhuri ulikuwa wangu, na nilijua.