Kifundo cha Dative

Katika karakana ya miguu ya bandia pale Ndosho, mtaa wa Goma, Yuma alijulikana kwa ukaidi. Kazi yake ilikuwa kuyeyusha chembe za plastiki kwenye mashine, kuisukuma plastiki ndani ya kalibu ya chuma, na kutoa vifundo vya mguu. Kila alipowasha mashine alitupa vya kwanza. Kisha katika vilivyobaki alichagua kimoja, akakipasua kwa msumeno. Wenzake walimtania kwamba anachinja kazi yake mwenyewe. Yeye anakata tu.

Tusidanganyane, ukaidi huo haukutoka hewani. Mwaka ule waasi walipochukua Rutshuru, majeruhi walijaa karakana, na Yuma kwa haraka akatumia chembe zilizolowa mvua bila kuzikausha. Kifundo kimoja kilitoka kinang'aa, kumbe ndani kina povu la hewa. Kilivunjika chini ya Théoneste, mkulima wa Kiwanja, akiwa njiani kukimbia vita, na wenzake hawakuweza kumbeba, wakamwacha njiani. Tangu hapo Yuma hakuamini kitu kwa kukitazama nje.

Halafu Mei 2021 mlima wa volkano ukapasuka. Lava ikala nyaya, umeme ukakatika, plastiki ikaganda ndani ya mashine. Siku chache baadaye, ardhi ingali ikitetemeka, serikali ikaamuru mitaa mingi ihame, na watu wakashika barabara ya kwenda mji wa Sake. Dative, muuza viazi aliyepoteza mguu kwa bomu, alikuwa ameketi kwenye benchi ya karakana. Kifundo chake kilikuwa kimepasuka alipokuwa akikimbia lava.

Barthélemy, mkubwa wa karakana, akawasha jenereta kwa mafuta ya mwisho. Plastiki iliyoungua ikatoka kwanza, nyeusi, kisha yenye michirizi. Yuma akatupa, akatupa tena. Mwishowe kikatoka kifundo kimoja cheupe, laini, na jenereta ikazimika.

"Hiki kiko muzuri, papa Yuma," Dative akasema. "Unifungie tu niende."

"Hatuna cha pili cha kukata," Barthélemy akasema kwa sauti ya chini. "Mupe, muzee."

Yuma akakigeuzageuza mkononi. Alitaka kumpa, Mungu anajua alitaka. Lakini Théoneste hakumtoka kichwani. Akakibana kwenye jiliwa, akakata.

Ndani kilikuwa kimejaa sawasawa. Hakuna povu, hakuna ufa. Kilikuwa kizima, na sasa ni vipande viwili.

Yuma akatafuta chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akampandisha Dative juu ya magunia ya vitu vyake, akaisukuma mpaka Sake katikati ya watu, magodoro na mbuzi. Njia nzima mama yule alivishika vile vipande mapajani.

"Kingenifikisha," akasema walipofika.

"Kingekufikisha, mama." Yuma akamshusha polepole.

Umeme uliporudi Goma, Dative alikuja karakana kwa magongo. Yuma alikuwa ametoa vifundo viwili kwa mfululizo, akamwekea mezani.

"Chagua unachotaka, mama. Leo sikati."

Dative akavitazama. Akachukua kimoja, akakibana kwenye jiliwa, akaomba msumeno. Akakikata mwenyewe mpaka mwisho, kisha akapitisha kidole ndani taratibu.

"Sasa unifungie kingine," akasema.