Mlango wa Nyuma wa Hoteli

Hoteli ile, hatua chache kutoka stesheni ya reli ya Tabora, ilijengwa na watu walioogopa jua. Kuta zilikuwa nene kiasi kwamba niliweza kukaa dirishani na miguu yangu isining'inie nje. Dari ilikuwa juu sana, baraza la mbele lilikuwa na matao saba, na sakafu yote, kuanzia ukumbini hadi chumba cha mwisho, ilikuwa ya mbao za mninga. Sakafu hiyo ndiyo iliyonipa kazi, maana ilisuguliwa kwa nta, na nta ililetwa na baba yangu kutoka kijijini kwetu Ipole.

Baba alikuwa mrina asali. Kila kiangazi, baada ya mavuno, alikuja na mikate ya nta begani, akapitia uani hadi mlango wa jikoni. Enzi za Waingereza mlango wa mbele haukuwa wetu, na aliwahi kufukuzwa pale kwa maneno ambayo hakuyarudia mbele yangu. Nilipomwacha mume ambaye kaka zangu walinichagulia, nao wakaapa kwamba hawanijui, ni baba aliyemwomba mpishi anitafutie kazi. Nikawa nayeyusha nta kwa mafuta ya taa na kusugua sakafu nimepiga magoti. Nilipanga chumba mtaa wa Kanyenye, peke yangu. Siku ya nta ndiyo ilikuwa siku yangu moja ya kuwa na ndugu. Baba alikaa kizingitini na bilauri ya chai, akanipa habari za mwaka mzima: nani kazaa, nani kafa, mzinga upi umehamwa na nyuki. Nilicheka mpaka mpishi akanigombeza.

Uhuru ulipokuja, nilihamishiwa mapokezi kwa sababu nilijua kusoma. Nikamwambia, "Baba, siku hizi pita mbele. Nchi ni yetu."

"Ni yetu, mama," akajibu, "lakini mlango ninaoujua mimi ni huu."

Jibu lile liliniudhi. Mimi ni mbishi, na ubishi wenyewe nimeurithi kwake. Kila mwaka nilimwambia, kila mwaka akakaa pale pale kizingitini, nami nikaiacha kaunta na kwenda kukaa naye karibu na majiko ya mkaa.

Baada ya Azimio, hoteli ilichukuliwa na serikali, ikageuzwa ofisi. Vitanda vikapakiwa kwenye lori. Ukumbi wa chakula ukagawanywa kwa mbao nyembamba, ukawa vyumba vinne vya makarani. Kaunta ya baa ikajazwa mafaili. Sakafu ya mbele, ambayo mchwa walikuwa wameanza kuila, iling'olewa ikamwagwa saruji. Mimi nilibakizwa mapokezi, kazi yangu kuwaambia watu wakae kwenye benchi wasubiri. Jiko likawa stoo, na msimamizi wa mafundi akanijia siku moja na penseli sikioni.

"Dada, huu mlango wa nyuma unatumika?"

Najua vizuri nilichofikiri. Nilifikiri kwamba ukizibwa, mzee atalazimika kupita mbele, chini ya matao, nami nitasimama nimpokee kama mgeni wa heshima.

"Hautumiki, ndugu," nikasema.

Wakauziba kwa matofali. Kumwandikia baba sikuweza. Hakujua kusoma, na barua ingepita mikononi mwa kaka zangu. Nikaona ataelewa mwenyewe akifika. Kiangazi kilipoingia nilinunua viatu vipya, nikaweka kiti kizuri karibu na kaunta. Nilisubiri wiki mbili, kila kivuli barazani kikinishtua.

Asubuhi moja mlinzi akaniambia, "Dada, jana kulikuwa na mzee kule nyuma. Alikaa chini ya ukuta mpaka adhuhuri. Nilidhani anapumzika."

Nilikimbia. Pale kizingiti kilipokuwa palikuwa na mikate miwili ya nta, imepangwa vizuri, imefunikwa kwa majani ili jua lisiiyeyushe.

Ningeweza kupanda lori la tumbaku siku ile ile niende Ipole. Niliwaogopa kaka zangu, na tena nilimkasirikia yeye: kwa nini asiulize? Nikajiambia mwakani nitamsubiri kule kule nyuma.

Na kweli nilimsubiri. Niliomba likizo, nikatoa kiti nje, nikakaa kando ya ule ukuta huku makarani wakinicheka madirishani. Siku ya tano akapita mkulima mmoja, jirani yetu wa Ipole aliyeleta tumbaku mjini, akanitambua. Alinipa pole kabla ya salamu, nikajua. Baba alikuwa amefariki wakati wa mvua, na kaka zangu hawakuniletea habari.

Nikamuuliza kama mzee aliwahi kusema lolote juu yangu.

"Alisema alikuja mjini akakuta hoteli imefungwa, na wewe umehamishwa," akajibu. "Nta aliiacha, labda ungepita. Alisema hakukuta mtu."

Nilikuwepo. Siku ile nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nimevaa viatu vipya, macho yangu kwenye mlango wa mbele.