Bi Rukia hakuandika "sawa" kwenye karatasi ile

Nimesoma ujumbe wa Zena mara tano na akili bado inakataa. Mama yake, Bi Rukia, amezikwa jana hapa Malindi, na mimi nilikuwa sijasema.

Tangu asubuhi nasoma mnayoandika mtandaoni ninyi niliofanya kazi nanyi miaka ya themanini. "Alikuwa mama mzuri, ila ile mitungi ilimharibia jina." Ila? Futeni hiyo ila.

Kwa msiomjua: Bi Rukia alikuwa mkuu wa stoo katika ofisi yetu ya uchunguzi wa miamba. Mimi nilikuwa mwanajiolojia, kijana wa Kaloleni mwenye digrii na kiburi chake.

Kila tulipojiandaa kwenda field, yeye ndiye aliyekagua vifaa. Hema alilisimamisha uani akalimwagia maji. Nyundo aliigonga kwenye jiwe la mlangoni mara kumi kabla ya kukupa.

Kilichofaulu alikiandikia "sawa" kwa penseli ya buluu pembeni mwa checklist, ile karatasi ya orodha ya vifaa. Kisichofaulu kilibaki bila neno, na hakikutoka.

Mwaka wa ile mitungi tulikuwa twende milima ya Chyulu kuchora ramani ya mawe ya volkano. Mawe yale yana matundu. Mvua ikinyesha inazama yote, huoni kijito wala kidimbwi. Maji yetu yote ilibidi tuyabebe.

Bi Rukia alijaza mitungi ishirini ya plastiki, akailaza ubavu juu ya magazeti. Asubuhi, magazeti chini ya mitungi saba yalikuwa yamelowa.

"Hii haiendi," akasema. "Nimeagiza mingine Mombasa. Siku mbili."

Mimi sikutaka kungoja. Mtaalamu mgeni alikuwa amefika, na nilitaka anione mtu wa kazi. Nikamwambia tutaziba nyufa kwa sabuni ya mche.

"Sabuni? Bwana Charo, mwaenda kupima mawe au mwaenda kufua?"

Stoo nzima ikacheka. Mimi sikucheka.

"Wewe volkano umeiona lini, Bi Rukia?"

"Sijaiona. Lakini kiu naijua, nafunga Ramadhani tangu nina miaka saba. Na mimi magharibi ikifika nafuturu. Nyinyi huko nani atawaadhinia?"

Alipokwenda kula mchana, nilichukua penseli yake mezani. Nikaandika "sawa" kwenye mstari wa mitungi, nikiuiga mwandiko wake. Aliporudi, gari letu lilikuwa limeshapita Matsangoni.

Gari lilitushusha mlimani likaondoka, lirudi baada ya wiki. Kwa lile jua sabuni ililainika, na siku ya tatu mitungi saba ilikuwa mitupu; iliyobaki isingetufikisha mwisho wa wiki. Karisa wa Ganda, mbeba vifaa wetu, alijitolea kwenda kwa miguu kutafuta maji. Tulimpata kesho yake, amelala kifudifudi juu ya mawe meusi. Alikuwa ameshakufa.

Kwenye uchunguzi wa kifo hicho waliiweka karatasi mezani. Bi Rukia akasema, "Huo si mkono wangu." Wakanigeukia mimi.

"Nilimwona akiandika."

Maneno mawili tu. Wiki hiyo hiyo akafutwa kazi. Mwaka uliofuata mimi nikapandishwa cheo.

Na ninyi mliokaa kwenye meza ile, mwandiko wake mlikuwa mmeuona miaka mingapi? Mliniamini mimi kwa sababu nilivaa tai. Leo mnamwandikia "ila".

Mamake Karisa alikuwa akikutana na Bi Rukia sokoni anatema mate chini. Yeye anapita njia yake. Alishona sare za shule barazani kwake hadi macho yalipogoma, na kila nilipopita aliitikia salamu yangu. Afadhali angenitukana.

Mwezi uliopita, daktari aliponieleza kwamba moyo wangu hauna safari ndefu, nilikwenda kwake. Nikaanza, "Bi Rukia, ile karatasi..." Akanikatiza.

"Charo, mimi waniambia nini? Mimi nilikuwapo. Nenda kawaambie wasiokuwapo."

Nikaahidi. Kisha nikarudi nyumbani nikanyamaza wiki tatu, eti natafuta maneno mazuri. Mwoga hakosi shughuli. Naye akafa huku mimi nikichagua maneno.

Basi maneno ndiyo haya: mitungi aliikataa. Karatasi niliiandika mimi. Karisa alikufa kwa haraka yangu, na Bi Rukia akaishi na jina baya lililokuwa langu.

Kesho wanasoma hitima. Zena mwanangu, haya nimekutumia wewe kwanza; wasomee watu wote, usiruke hata mstari. Ndugu wa Karisa mlioko Ganda, nitawajia mwenyewe, miguu ikikubali. Isipokubali, njooni ninyi, nipo.

Wengine msiniandikie pole, wala msinisifu kwa ujasiri. Ujasiri ulikuwa na siku yake, mezani pale, nami niliukosa.

Lala salama, Bi Rukia. Maswali sasa waniulize mimi.