Jenerali Aliyenunua Ndege

Juzi Iringa nilialikwa sherehe ya shukrani ya jenerali mstaafu wa jeshi la anga. MC alisoma wasifu wake: cheo hadi cheo, kazi yake ilikuwa kulinunulia jeshi ndege, nyingi za mitumba. Tukapiga makofi.

Mama mmoja wa Kalenga akasimama, mikono kaikunja kifuani, akamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, baba. Hizo ndege, wewe ulishawahi kuzipanda?"

Jenerali akacheka. "Hapana, mama. Mimi nilikuwa wa kununua tu."

"Mwanangu alizipanda. Nililetewa jeneza, nikakatazwa kulifungua."

Jenerali akainamia sahani yake. MC akapunga mkono haraka, kwaya ikaanza kuimba.

Ndege mpya tunaweza kukosa. Kwaya ya kumfunika mama aliyefiwa hatujawahi kuikosa.