Meneja Anataka Niombe Radhi kwa Kuzuia Mashine Isiwashwe

Admin, nifichie jina, ila usinipunguzie maneno. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, mke wa mwalimu, mama wa watoto watatu, na naishi upande wa Gesima. Nilikuwa jeshini, nikastaafu nikiwa sajini. Niliporudi nyumbani nikaajiriwa katika kiwanda kimoja cha majani chai kama msimamizi wa zamu. Wengi walidhani nitakuja kuwapigia kelele, kwa sababu watu hufikiri jeshi ni kelele.

Mimi nilifunzwa tofauti. Koplo aliyenilea alituambia kiongozi hula mwisho, na hamtumi mtu mahali ambapo yeye mwenyewe hangekubali kwenda. Kiwandani nikaanza hivyo hivyo. Wakati wa chakula cha mchana wasimamizi walikuwa wanapakuliwa kwanza, wanamaliza nyama, wafanyakazi wanabaki na supu. Mimi nikajipanga mwisho wa foleni na sahani yangu. Wasimamizi wenzangu wakanung'unika, "Afande anatuaibisha." Jambo likiharibika kwenye zamu yangu, naenda ofisini kulijibu mwenyewe. Likienda vizuri, nawataja waliofanya kazi. Baada ya muda watu wakawa wanaomba kuhamia zamu yangu, na hilo ndilo lililoanza kumuuma meneja.

Sasa, kuna mashine ya kusaga majani ambayo kifuniko cha kukinga mkanda wake kilivunjika. Nilimwambia injinia, nikamwambia meneja, nikajibiwa nisubiri. Asubuhi moja mama mmoja wa zamu yangu, nitamwita Kerubo, alikuwa akifagia hapo karibu. Mkanda ukashika leso aliyojifunga kiunoni, ukaanza kumvuta. Mwenzake, nitamwita Moraa, akakimbilia swichi akazima. Kerubo alitoka na mkono uliochunika.

Meneja alikuja. Aliangalia majani, Kerubo hakumwangalia.

"Washa," akaniambia.

"Haiwashwi mpaka kifuniko kirudi."

"Mama, hapa si kambini. Majani yanaharibika."

"Basi washa wewe, halafu usimame pale alipokuwa amesimama."

Hakusimama. Majani ya siku hiyo yaliharibika, na si kidogo. Kesho yake kifuniko kipya kikaletwa. Kumbe kilikuwa kinapatikana.

Baadaye akaniita ofisini, safari hii kwa sauti ya upole. Anataka nisimame mbele ya wafanyakazi wote, niseme Kerubo alikuwa mzembe, na niombe radhi kwa kusimamisha kazi. Nikifanya hivyo, nitapandishwa cheo nisimamie zamu zote. Kerubo ataenda nyumbani. "Huyo asikusumbue," akasema. "Atarudi sokoni Daraja Mbili kuuza ndizi kama zamani."

Nikamwambia, "Aliyekataa mashine iwashwe ni mimi. Kama unatafuta wa kufukuza, niko hapa." Akanipa mpaka Jumatatu.

Nyumbani mume wangu hakufurahi. Si mtu mbaya, ana hofu tu. "Mama Ogeto," akasema, "kiburi hakilipi karo. Sema hayo maneno mawili yaishe."

"Kwako ni maneno mawili, Baba Ogeto. Kwa Kerubo ni kazi."

Tangu siku hiyo tunaongea habari za ng'ombe na mvua, basi.

Sabato, baada ya kanisa, nilisikia hodi. Ni Kerubo, Moraa, na karibu zamu yangu nzima, wamejaa uani na nguo zao za kanisa. Moraa ndiye aliyesema. "Tumesikia. Jumatatu ukifukuzwa, sisi wote tunatoka."

Niliwakatalia palepale. Niliwaambia wana watoto, na kazi kama hizi huku hazipatikani ovyo. Niliwaambia mimi ndiye kiongozi na pigo ni langu, wao warudi kazini kama kawaida. Kerubo akaniangalia, mkono wake bado una bandeji.

"Afande, wewe unajua kutubeba tu," akasema. "Unadhani sisi hatuna mgongo?"

Jeshini sikuwahi kuulizwa hivyo na mtu niliyekuwa namwongoza. Wakanywa chai, wakaaga, na hakuna hata mmoja aliyebadilisha nia.

Kwa hivyo wasomaji, kuhusu kuomba radhi msihangaike kunishauri. Sitaomba. Nitaingia ofisini nirudie yale yale niliyosema, na Kerubo sitamtaja kwa ubaya hata nikiahidiwa kiwanda kizima. Kinachoninyima usingizi ni hao wenzangu. Nikiwazuia, nitakuwa nimewaambia ujasiri ni wangu peke yangu. Nikiwaacha, huenda watoto wao wakalala njaa kwa sababu yangu. Nyinyi ambao mmewahi kuongoza watu, hata kama ni kwaya au chama cha kina mama, niambieni ukweli: niwaamuru wabaki, au nitoke nao?