Choki Niliyoipiga Tupa

Mimi ndiye niliyemchagulia kaka yangu choki iliyomuua. Nasema hivyo mapema kwa sababu nyumbani walitaka niseme vingine.

Kaka alikuwa na bunduki ya marisawa, ile inayotema punje nyingi ndogo za risasi kwa mpigo, yenye leseni, na alipenda mchezo wa kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Choki ni kipande kifupi cha bomba kinachofungwa kwa meno ndani ya mdomo wa mtutu. Ikiwa pana, marisawa hutawanyika mapema. Ikiwa nyembamba, hufika mbali yakiwa yameshikana. Zile zilizokuja na bunduki yake zilikuwa pana. Visahani vya mbali vilimpita, na wenzake wa Kitale walimcheka, ati anafukuza ndege kwa mtama.

Tulienda pamoja kwa muuzaji mmoja pale Kitale. Alipima mtutu, akasema choki nyembamba ya bunduki hiyo itachukua wiki tatu kufika. Mashindano yalikuwa Jumamosi. Mezani palikuwa na moja ya kiwanda kingine.

"Hiyo meno yake yanakaribiana tu na yenu," muuzaji alisema. "Usiilazimishe."

Kaka alikuwa ametoka nje kupokea simu. Nikamwambia muuzaji kwamba naichukua kwa ajili ya bunduki nyingine, ya jirani, akaniuzia.

Nina karakana ya kuchomelea mageti mjini Bungoma. Sisi mafundi wa kando ya barabara tuna ugonjwa mmoja: hatukubali kwamba chuma kinaweza kukataa. Skurubu ikigoma tunaipiga tupa, tunapaka grisi, tunaongeza urefu wa spana. Nilipomwambia kaka kwamba meno hayalingani sawasawa, alicheka.

"Geti la tajiri unakunja, kachuma kama haka kakushinde? Si wewe ni fundi, bana?"

Onyo la muuzaji sikumwambia. Niliipiga tupa. Ikaingia ikilia, ikaacha kati yake na mtutu mwanya mwembamba kama ukucha. Niliuona mwanya huo. Nikapaka grisi juu yake.

Alhamisi asubuhi, nyumbani kwake Naitiri, alifyatulia gunia tulilotundika mwisho wa shamba lililovunwa. Risasi ya kwanza ilichana gunia katikati, akanipiga bega kwa furaha. Ya pili ilipasua mtutu. Mdomo wake ulivunjika vipande, na kimoja kilirudi kikamkata shingo chini ya sikio. Nilibana kwa kiganja, halafu kwa shati. Damu ilipita kati ya vidole vyangu kwa nguvu, ikinisukuma. Alipiga mateke mabua ya mahindi mara chache, kisha akaacha. Gari la jirani lilipofika nilikuwa bado nimebana, na hapakuwa tena na kitu cha kuzuia.

Kwetu, kabla mtu hajazikwa, mmoja wa nyumba husimama mbele ya waombolezaji kueleza jinsi kifo kilivyokuja. Kazi hiyo nilipewa mimi kwa kuwa nilikuwepo. Baba mdogo alinivuta kando, akanishauri niseme dukani tuliuziwa choki mbovu, basi, yaishe.

Lakini maneno hayo yalikuwa yamenitangulia. Nyuma ya hema vijana wa ukoo walikuwa na marungu, pikipiki tano na mtungi wa petroli. Mazishi yakiisha, safari ni Kitale. Nilimsikia mmoja akipanga kwamba watamfungia muuzaji ndani kwanza, ndipo wawashe.

Nikashika kipaza sauti.

"Muuzaji alinikataza," nilisema. "Nilimdanganya. Choki niliipiga tupa mimi, kwa mkono huu."

Rungu la kwanza lilinipata mdomoni. Nilianguka kwenye viti, wakanifuata chini kwa viatu na mateke, na mbavu mbili zikavunjika. Sikujikinga. Sisemi hivyo nisifiwe. Mikono ilikataa tu kuinuka.

Mke wa kaka ndiye aliyewasukuma.

"Mwacheni amalize," alisema. Akainama karibu na uso wangu. "Shemeji, yeye alijua umekatazwa?"

"Hakujua."

Aliinuka. Kisha akaenda nyuma ya hema, akaumwaga ule mtungi wa petroli kwenye majani, watu wote wakimtazama. Nilisaidiwa kusimama, nikaeleza yaliyobaki huku nikitema damu, mpaka mwisho.

Hakuna pikipiki iliyoenda Kitale. Shemeji hajanisalimia tangu siku hiyo, nami sijamwomba anisalimie.